Laiti Kaisari Majorian Angalishinda: Somo kwa Kijana Anayesubiri Mtu wa Kuja Kutengeneza Kila Kitu



Tunaingia kwenye historia, lakini usikimbie, hakuna mtihani mwishoni. Tunataka kulitazama neno moja dogo linalowanyima watu wengi amani. Neno lenyewe ni "laiti".

Laiti fulani angekuwa kiongozi wetu, nchi ingenyooka. Laiti yule paroko asingehamishwa, vijana wasingetawanyika. Laiti ningezaliwa kwenye familia ile, leo ningekuwa mbali. Umeshayasikia haya, na pengine umeshayasema. Wahenga nao waliliona mapema, wakasema ningejua huja nyuma.

Shuleni tulifundishwa kwamba -nge- ni ya jambo ambalo bado linawezekana, na -ngali- ni ya jambo ambalo wakati wake umepita na mlango umefungwa. Mtaani tunazichanganya zote mbili na tunaelewana vizuri tu. Lakini katika maisha ya kiroho tofauti yake ni kubwa. Mtu anaweza kukaa ndani ya -ngali- miaka na miaka, huku -nge- yake ya leo inampita mlangoni.

Basi leo tuchukue "laiti" moja ya zamani sana: laiti Dola la Roma la Magharibi lisingalianguka. Kwanza tutatazama yaliyotokea kweli. Kisha tutawaza kwa makusudi jinsi ambavyo mambo yangalikwenda. Mwisho tutauliza imani yetu inatuambia nini. Biblia yako iwe karibu: Yeremia 29:4-7 na 2 Wafalme sura ya 22 na 23.

1. Nyumba iliyoanza kuvuja

Mwaka 313 Wakristo walipata uhuru wa kuabudu katika Dola la Roma. Mwaka 380 Kaisari Theodosius akaifanya imani Katoliki kuwa dini rasmi ya dola. Watu ambao babu zao waliuawa kwa ajili ya Kristo sasa walikaa karibu na viti vya wakubwa. Waamini wengi wakaanza kuona Kanisa na dola ni chanda na pete: kimoja kikipotea, na kingine kimekwisha.

Halafu tarehe 24 Agosti 410, Wavisigothi wakiongozwa na Alaric waliingia mjini Roma, wakaupora kwa siku tatu. Mji huo ulikuwa haujatekwa na adui kutoka nje kwa karibu miaka 800. Wakimbizi wakavuka bahari kuja Afrika, na baadhi yao wakafika Hippo, mji ambao leo unaitwa Annaba, nchini Algeria. Askofu wa hapo alikuwa Mwafrika, Mtakatifu Agostino.

Wapagani walikuwa na lao la kusema: tulipoabudu miungu ya mababu zetu mji ulikuwa salama, mmetuletea Kristo na tazameni sasa. Wakristo nao walitikisika. Inawezekanaje mji wenye makaburi ya Mtume Petro na Mtume Paulo uporwe? Agostino alianza kuwajibu kwenye mwaka 413 hivi, na hakumaliza hadi kama mwaka 426. Jibu lake ni vitabu 22 vinavyoitwa "Mji wa Mungu". Kwa ufupi, aliwaambia hivi: tawala za dunia zinaweza kuwa na mema mengi na tumshukuru Mungu kwa ajili yake, lakini hakuna utawala wa dunia hata mmoja ambao Mungu aliuahidi kuishi milele. Na utawala ukikosa haki, unatofautiana na genge la wanyang'anyi kwa ukubwa tu.

Agostino mwenyewe alifariki tarehe 28 Agosti 430, huku Wavandali wameuzingira mji wake. Mwaka 439 Wavandali wakauteka mji wa Karthago. Hapo ndipo dola lilipovunjika mguu. Ngano ya Afrika ya Kaskazini ndiyo iliyolisha Roma, na kodi ya huko ilikuwa tegemeo kubwa la kuwalipa askari. Kodi ikikosekana, askari hawalipwi. Askari wasipolipwa, ardhi nyingine inapotea. Ardhi ikipotea, kodi inapungua tena. Mwaka 455 Wavandali hao hao wakaipora Roma kwa siku 14. Papa Leo Mkuu, ambaye miaka mitatu kabla alikuwa amekwenda kuonana na Attila kaskazini mwa Italia, alitoka tena bila jeshi kwenda kumsihi mfalme wao asiwachinje watu wala kuuchoma mji.

Lakini usidhani ubovu ulitoka nje peke yake. Padre mmoja wa Marseille, aliyeitwa Salvian, aliandika kwa uchungu kwamba matajiri walijua kujipunguzia kodi na kuwatupia maskini mzigo, hadi baadhi ya maskini wakaona afadhali wakimbilie kwa hao walioitwa washenzi. Huko ikulu nako, mwaka 454 Kaisari Valentinian III alimuua kwa mkono wake jemadari wake bora, Aetius. Mwaka uliofuata yeye mwenyewe akauawa. Nyumba ilikuwa inavuja juu, na waliokaa ndani walikuwa wanang'oa milango.

2. Kaisari aliyejaribu kweli

Katikati ya hali hiyo akatokea Majorian. Alikuwa askari, na alitawala kuanzia mwaka 457 hadi 461. Kama umechoka kusoma habari za makaisari waliokuwa wanakula na kulala, huyu atakufurahisha.

Alifanya nini? Alisamehe malimbikizo ya kodi ambayo watu walishindwa kulipa, na akawabana maofisa waliokuwa wanatumia kodi hizo kuwakamua wananchi. Alirudisha heshima ya kazi ya mtetezi wa mji, yaani mtu aliyechaguliwa kusimama upande wa wanyonge mbele ya wenye madaraka. Mwaka 458 alikataza kubomoa majengo ya zamani ya umma mjini Roma, kwa sababu watu walikuwa wanayavunja ili kujichukulia mawe. Hakimu aliyetoa kibali cha kubomoa alitozwa faini ya ratili 50 za dhahabu. Wasaidizi waliomtii walichapwa viboko na kukatwa mikono. Umeona? Hata mtawala mwema wa zama zile alikuwa na mkono mzito, na aliyeumia zaidi alikuwa mdogo.

Majorian aligusa pia mambo ya Kanisa. Alikataza mtu kulazimishwa kupokea daraja takatifu. Hiyo ni sheria nzuri, maana wito haulazimishwi. Lakini pia aliagiza kwamba mwanamke asipokee shela la utawa kabla ya kufikisha miaka 40. Alikuwa na sababu zake: wazazi wengine waliwasukumia mabinti utawani ili wasiwape urithi, na dola lilitaka watoto wazaliwe. Ishike sheria hiyo kichwani, tutaihitaji baadaye.

Halafu akatoka vitani. Alivuka milima ya Alpi akiwa na jeshi, akawashinda Wavisigothi kusini mwa Galia, akaingia Hispania. Mpango wake ulikuwa kuvuka bahari na kuikomboa Karthago. Mwaka 460 alikuwa ameandaa meli kama 300 katika pwani ya Hispania, upande wa Cartagena. Kabla hazijang'oa nanga, Wavandali walizivamia na kuzikamata kwa msaada wa wasaliti. Kazi ya miaka mitatu ikaishia hapo.

Mwaka 461 alipokuwa anarudi Italia na watu wachache, jemadari Ricimer, ambaye ndiye aliyemsaidia kupata kiti, alimkamata huko Tortona na kumvua madaraka tarehe 2 Agosti. Tarehe 7 Agosti aliuawa. Miezi mitatu baadaye, tarehe 10 Novemba, Papa Leo Mkuu naye alifariki. Magharibi ikapitisha makaisari sita ndani ya miaka 15, mpaka mwaka 476 Odoacer alipomwondoa wa mwisho aliyekuwa Italia, Romulus Augustulus, kijana mdogo tu.

3. Sasa tuwaze

Haya, tujiruhusu. Kuanzia hapa ni mawazo, siyo historia.

Tuseme wasaliti walijulikana mapema. Meli 300 zikavuka salama. Mwaka 461 Karthago ikakombolewa. Ngano ikaanza tena kushuka bandari ya Roma, mkate ukapatikana, askari wakalipwa mishahara yao. Ricimer, ambaye nguvu yake ilikuwa ni udhaifu wa kaisari, akanywea. Majorian akatawala miaka 25. Watetezi wa miji wakazoeleka. Mwaka 476 ukapita kama mwaka mwingine wowote, hakuna aliyeuandika kwenye kitabu.

Ni ndoto nzuri, na tusiidharau. Kuna watu wa kweli ambao wangalipona ndani yake. Wavandali walikuwa wafuasi wa uzushi wa Ario, waliokataa kwamba Mwana ni sawa na Baba. Mwaka 484 mfalme wao Huneric aliwatesa sana Wakatoliki wa Afrika na kuwapeleka maaskofu wengi uhamishoni. Majorian angalishinda, mateso hayo yasingalitokea. Kwa hiyo anayesema "siasa haina maana, sisi tusali tu" aende akawaulize wakimbizi wa Afrika ile. Utawala mwema ni zawadi, na ukikosekana watu wanalia machozi ya kweli.

Lakini endelea kuwaza, usiishie kwenye sehemu tamu. Majorian angalikufa siku moja. Nani angalimrithi? Roma haikuwahi kupata njia ya uhakika ya kupokezana madaraka. Marcus Aurelius, mmoja wa makaisari wenye busara kuliko wote, alifariki mwaka 180, akafuatiwa na mwanawe Commodus, aliyeharibu mengi. Diocletian aliyetawala kuanzia mwaka 284 alipanga upya majimbo, jeshi na kodi, akaweka makaisari wanne wasaidiane. Alipong'atuka mwaka 305, haikupita miaka mingi kabla warithi wake hawajaanza kupigana. Mtu mmoja anaweza kutengeneza sheria. Moyo wa atakayekuja baada yake hawezi kuutengeneza.

Na wale matajiri wa Salvian je? Wangaliacha kukwepa kodi kwa sababu meli zimefika salama? Na watumwa? Katika ndoto yetu bado wapo, bado wanauzwa. Na makamanda? Wangaliendelea kumtazama kaisari kama kiti cha kukaliwa. Ushindi ungaliipa dola muda. Toba usingaliipa.

4. Jaribio lililofanyika kweli

Mtu anaweza kusema: hayo ni maneno, hatuwezi kujua. Kwa kiasi fulani tunaweza, kwa sababu miaka 70 hivi baadaye alitokea mtu aliyefanya kile Majorian alichoshindwa. Huyo ni Justinian, Kaisari wa Konstantinopoli, kule Mashariki ambako dola liliendelea mpaka mwaka 1453.

Mwaka 533 jeshi lake lilivuka bahari na kuiteka Karthago, na kufikia mwaka 534 ufalme wa Wavandali ulikuwa umekwisha. Makanisa yalirudishwa kwa Wakatoliki. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi.

Halafu vita vikahamia Italia, vikachukua kuanzia mwaka 535 hadi 554. Roma, ambayo Justinian alikuja kuikomboa, ilizingirwa, mifereji yake ya maji ikakatwa, ikachukuliwa na kurudishwa mara kadhaa, watu wake wakafa kwa njaa. Vita vya kuirudisha Roma viliiumiza Roma kuliko Alaric alivyoiumiza. Na Kanisa? Mwaka 537 Papa Silverio aliondolewa kwenye kiti chake na jemadari wa Justinian, akafa uhamishoni. Leo tunamheshimu kama mtakatifu. Mrithi wake, Papa Vigilio, alichukuliwa hadi Konstantinopoli na kubanwa kwa miaka akubaliane na Kaisari katika mambo ya mafundisho. Alifariki mwaka 555 akiwa njiani kurudi nyumbani. Mlinzi wa Kanisa akishakuwa na nguvu zote, huja siku anataka kulishika na usukani.

Karthago nayo ilikaa mikononi mwa Konstantinopoli hadi mwaka 698, ilipotekwa na majeshi ya Waarabu. Afrika ile ya Kaskazini, ambako mwaka 411 maaskofu zaidi ya 500 wa pande mbili zilizogombana walikutana Karthago kubishana, polepole ilibaki karibu bila Wakristo. Ushindi wa kaisari uliipa miaka 165. Ni miaka mingi, lakini ilikwisha.

5. Wakati huo huo, pangoni

Sasa njoo uone kitu ambacho hakuna mwanasiasa wa wakati ule angekitilia maanani. Kwenye mwaka 480 hivi, miaka michache tu baada ya Romulus kuondolewa, alizaliwa Nursia mtoto anayeitwa Benedikto. Familia ilimpeleka Roma kusoma. Akiwa kijana wa umri wako, aliona maisha ya wanafunzi wenzake, akaogopa kwamba yatamteketeza. Akaacha, akaenda kuishi kwenye pango huko Subiaco, akisali peke yake kwa miaka kama mitatu.

Hakuwa na mpango wa kuokoa Ulaya. Alitaka kumtafuta Mungu. Lakini watu wakaanza kumfuata. Kwenye mwaka 529 hivi alianzisha monasteri ya Montecassino, na hapo akaandika Kanuni yenye sura 73. Ukiisoma utashangaa jinsi ilivyo ya kawaida: saa za kusali, saa za kufanya kazi kwa mikono, jinsi ya kumpokea mgeni kana kwamba ni Kristo, jinsi ya kuwatunza wazee na watoto. Mtunza ghala anaagizwa avitazame vyombo vya monasteri kama vyombo vya altareni, yaani hata jembe lina heshima yake. Abate anaambiwa asimpendelee aliyezaliwa huru kuliko aliyetoka utumwani. Na kuna hili linalotuhusu sisi: katika sura ya 3 anasema ndugu wote waitwe kwenye shauri, kwa sababu mara nyingi Bwana humfunulia aliye mdogo jambo lililo bora.

Linganisha na ikulu ya Roma. Kule sheria ilisema na hakuna aliyeiishi. Huku watu kumi na wawili, ishirini, waliishi kwanza. Vita vya Justinian viliwapitia wakiwa hapo hapo, wanalima na kuimba zaburi.

Sasa kumbuka ile sheria ya miaka 40. Benedikto alikuwa na dada, Mtakatifu Skolastika, aliyewekwa wakfu kwa Mungu tangu utotoni. Katika ile ndoto yetu ambamo Majorian anashinda na sheria zake zinadumu, Skolastika angesubiri mpaka dola limruhusu. "Laiti" zetu nyingi ziko hivyo. Tunahesabu tungechopata, hatuhesabu tungechopoteza. Mungu peke yake ndiye anayeona pande zote mbili.

Mwaka 590 mmonaki aliyewahi kuwa mkuu wa mji wa Roma alichaguliwa kuwa Papa. Ni Mtakatifu Gregori Mkuu, yule yule aliyetuandikia maisha ya Benedikto. Alilisha wenye njaa wa Roma kwa mazao ya mashamba ya Kanisa. Mwaka 596 aliwatuma wamonaki kwenda kuwahubiria Waingereza, nchi ambayo majeshi ya Roma yalikuwa yameiacha karibu miaka 200 nyuma. Injili ilirudi mahali ambapo dola lilishindwa kurudi, nayo ilikwenda kwa miguu.

6. Neno la Mungu linasemaje?

Biblia ina Majorian wake. Anaitwa Yosia. Soma 2 Wafalme 22 na 23. Alikuwa mfalme mwema, alikarabati Hekalu, Kitabu cha Sheria kikapatikana humo, akaondoa sanamu, akarudisha Pasaka. Maandiko yanasema hapakuwa na mfalme kama yeye. Kisha akauawa Megido, na waliomfuata wakarudia uovu wa zamani. Haikupita miaka 25 Yerusalemu ikateketezwa. Hebu fikiri Wayahudi walivyolia: laiti Yosia asingalienda Megido!

Sasa soma Yeremia 29:4-7. Yeremia aliitwa na Mungu siku za Yosia, akiwa bado kijana, na aliyaona yote hayo. Anawaandikia watu walioko uhamishoni Babeli. Hawaambii walie habari za Yosia. Hawaambii wakae wakisubiri mfalme mwingine. Anawaambia kwa jina la Mungu wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuzaa, wautakie mema mji wanaokaa na kuuombea kwa Bwana. Mji wenyewe ni Babeli, mji wa adui!

Kanisa linashika pande zote mbili. Kwa upande mmoja, Katekisimu namba 676 inatuonya dhidi ya kila tumaini la uongo linalodai kuleta ukombozi kamili hapa duniani kwa nguvu za kisiasa. Zaburi ya 146 ilishatuonya tusiweke tumaini letu kwa wakuu. Kwa upande wa pili, Katekisimu namba 2240 inatufundisha kwamba kulipa kodi, kupiga kura na kulinda nchi ni wajibu wa kimaadili. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Lumen Gentium namba 31, unasema walei wanautafuta Ufalme wa Mungu hapo hapo kwenye shughuli za dunia. Kwa hiyo Majorian hakupoteza muda. Mjane aliyesamehewa deni la kodi mwaka 458 alilala usingizi usiku ule, na Mungu hakusahau. Kosa lingekuwa kumfanya Majorian awe Kristo.

7. Na wewe je?

Kijana, chunguza "laiti" zako. Nyingine ni kubwa na zina haki ya kuombolezwa. Kama umempoteza mzazi, lia. Yesu naye alilia kwa ajili ya Lazaro. Lakini kuna "laiti" ambazo tumezigeuza kuwa kiti cha kukalia.

Mlezi wenu wa vijana amehamishwa, na kikundi kimekufa. Uliza: tulikuwa tunamfuata nani? Kama ni yeye, ilikuwa lazima kife. Kama ni Kristo, bado yupo kwenye tabernakulo, na Jumuiya Ndogo Ndogo bado inakutana.

Unasema nchi imeoza, mpaka apatikane mtu shupavu wa kuinyoosha. Je, wewe uliyekabidhiwa michango ya kwaya, daftari lako linasoma sawa? Ukiwa karani, unadai "chai" ili faili lisogee? Yule shupavu unayemsubiri hata akija, atahitaji makarani waaminifu, na hatakuwa na mahali pengine pa kuwatoa ila katika nyumba zetu.

Na kama Mungu anakuita kwenye siasa, nenda. Majorian alikwenda. Jiandikishe, piga kura, gombea, tetea wanyonge, na ukishindwa kama yeye usidhani ulitumwa bure. Ila usiende bila pango la Subiaco, yaani bila mahali pa kila siku ambapo Mungu anakutengeneza wewe kwanza.

Maswali ya kutafakari (peke yako au kwenye kikundi)

1. "Laiti" ipi ninairudia mara nyingi kuliko zote? Je, ni ombolezo la kweli au ni kisingizio?
2. Kuna kiongozi, wa dini au wa serikali, ambaye nimemwekea tumaini linalomfaa Kristo peke yake?
3. Kati ya maagizo ya Yeremia 29:4-7, lipi naweza kuanza wiki hii hapa ninapoishi?

Azimio la wiki

Chukua karatasi. Andika sentensi moja inayoanza na "Laiti". Ipeleke mbele ya Ekaristi Takatifu, na ikibidi kwenye kitubio. Kisha chini yake andika sentensi moja inayoanza na "Wiki hii nita..." Iwe ndogo, iwe ya kweli, na mwambie mtu mmoja akukumbushe.

Tusali

Ee Bwana wa nyakati zote, Wewe unayajua yaliyotokea, na unayajua yale ambayo yangalitokea. Tunakukabidhi yaliyofungwa ambayo hatuwezi kuyafungua. Wajalie viongozi wetu moyo wa haki, na utujalie sisi moyo ule ule, tusije tukadai kwao kitu tusichokitenda. Utupe leo kazi ya leo, na nguvu ya kuifanya. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Agostino, utuombee.
Mtakatifu Leo Mkuu, utuombee.
Mtakatifu Benedikto na Mtakatifu Skolastika, mtuombee.